Shujaa Aliyepumzika

Mimi si mtu wa sinema. Nashona nguo, na jioni macho yangu yamechoshwa na sindano; nikikaa mbele ya televisheni nasinzia kabla taarifa ya habari haijaisha. Lakini ile sinema ya mashujaa wanaoruka angani ilivuma Tabora nzima, hadi wateja wangu wakawa wanakuja kupimwa huku wanabishana nani kati yao mwenye nguvu zaidi. Jirani yangu akaniletea kwenye flashi, ile iliyotiwa sauti ya Kiswahili na kijana mmoja wa Dar. "Dada, ukiikosa hii hujaona kitu," akaniambia.

Jumapili moja baada ya misa nikaiweka, nikaangalia na mama. Mama alihamia kwangu kutoka kijijini Goweko tulipomzika mdogo wangu, kitindamimba wake, aliyegongwa na lori akiwa kwenye bodaboda. Hakulia makaburini, hakulia alipofika kwangu, na hilo lilinitisha kuliko kilio chochote. Siku hiyo alikaa kwenye mkeka na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, akiniuliza kila mara, "Huyu naye ni wa upande gani?"

Niseme ukweli, ni upuuzi wa gharama kubwa. Mwanamume mzima kavaa nguo ya kubana isiyo na zipu wala kifungo. Kama fundi, sijui anaivaaje, na haja ikimbana sijui anafanyaje. Anapigana na zimwi lililotoka nyota nyingine, ghorofa zinadondoka, na hakuna anayeuliza waliokuwa ndani wamepatwa na nini. Magari yanarushwa kama vile hayana madereva. Mji mzima umebomoka na hakuna turubai hata moja lililofungwa, hakuna mwanamke aliyejifunga khanga kiunoni akapika chakula cha waombolezaji. Nilikasirika, kisha nikajicheka kwa kukasirikia picha.

Halafu shujaa mwenyewe akaanguka. Mama yake akaja, akapiga magoti kwenye vifusi, akampakata kichwa, akamfuta damu usoni kwa kiganja. Hakusema neno. Yule kijana wa Dar, ambaye kimya hakiwezi, akaingilia kwa sauti nzito: "Jamani eeh, kamanda amepumzika!"

Nikamtazama mama. Alikuwa ameacha kutafuna.

Neno hilo ndilo tuliloambiwa hospitali. Mimi nilikuwa nimetumwa dawa duka la nje, mama kabaki kwenye benchi. Muuguzi akatoka, akamwambia kwa upole, "Bibi, mgonjwa wako amepumzika." Nadhani aliona anamstahi. Kwetu kijijini mtu akifa tunasema amekufa, aliyepumzika amelala. Tangu alazwe mdogo wangu alikuwa hapati usingizi kwa maumivu, kwa hiyo mama akafurahi, akamshukuru muuguzi, akaenda nyumbani kwangu kupika uji wa ulezi ili akiamka aukute wa moto. Niliporudi na dawa nikaambiwa, nikaelewa, nikamtafuta mama kila pembe. Alikuja kuingia getini na chupa ya uji mkononi, mwanawe ameshapelekwa mochwari. Huko nako wajomba wakamzuia asimwone: uso umeharibika, bora umkumbuke alivyokuwa. Jeneza lililetwa nyumbani limeshapigwa misumari. Hadi leo nina kinyongo nao, na yule muuguzi na upole wake wote. Hakuna aliyemuuliza mama anataka kukumbuka nini.

Na kwenye sinema? Baadaye kidogo shujaa akafumbua macho. Mwanga ukamtoka kifuani, muziki ukapanda, akaruka juu mzima kabisa. Kumbe alikuwa amepumzika kweli! Naambiwa vijana wa mtaani walipigia makofi jambo hilo kwenye kibanda cha video. Mimi niliona nimetemewa mate. Watu wana pesa za kubomoa mji mzima, lakini kumwacha mtu mmoja afe hawawezi. Nikachukua rimoti nizime.

"Usizime," mama akasema. "Irudishe nyuma."

Nikaogopa. Nilidhani anataka kumwona tena akifufuka. Nikaanza kumweleza kwamba yale ni maigizo, kwamba yule mtu hata damu yake ni rangi tu.

"Mwanangu, mimi si mtoto," akanikata. "Irudishe pale mama yake anapomfuta uso."

Nikairudisha. Akajivuta na mkeka wake mpaka karibu na kioo. Akaniamuru nikate sauti, kwa kuwa yule kijana anapiga kelele msibani. Nikaikata. Tukatazama bila sauti jinsi mwanamke yule anavyoipangusa pua ya mwanawe, kisha paji la uso, kisha kope. Mama alikuwa anaufuata mkono ule kwa kidole chake mwenyewe, hewani.

"Simamisha hapo," akasema. "Asiamke."

Nikasimamisha. Mama akaweka bakuli pembeni, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyokaa msibani, akafunika kichwa kwa khanga. Akamwita mdogo wangu kwa jina lake la Kinyamwezi, lile alilokuwa anamwita yeye tu, akaanza kumlilia.