Siku Wakwe Walipouliza Kuhusu Picha Yangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wageni wa posa walipotoka kijijini Kurui kuja nyumbani kwetu Mkuza. Wakati huo nilikuwa msichana mwenye kupenda rangi kuliko chakula, na juma lile nilikuwa nimechora picha kwenye karatasi kubwa ya manila, nikaibandika sebuleni. Haikuwa na mtu wala nyumba. Ilikuwa mizunguko myekundu, mistari ya njano inayorukaruka, na bluu iliyomwagika ilikotaka yenyewe.

Shangazi alipoiona alishika kiuno. "Itoeni kabla wageni hawajafika. Watasema tunaoza mtoto wa chekechea!"

Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema tu, "Iacheni."

Wageni wakaja, wakaketi. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mkulima wa mihogo, mtu asiyetabasamu ovyo, aliyekuja na mkewe. Nikiwa chumbani, sikio mlangoni, nikasikia mazungumzo yanasuasua. Mzee alihofia kwamba binti wa mjini hatawezana na watu wa shamba, na Shangazi akawa anamjibu kwa ukali. Nikazidi kusogeza sikio, maana yule kijana nilimpenda, nisikudanganye.

Mara yule mzee akauliza, "Na ile ukutani ni nini?"

Nikaitwa. Nikatoa shikamoo. "Si kitu, baba. Nilikuwa na furaha tu, nikachezea rangi."

Akainuka, akaisogelea picha, akainamisha kichwa huku na huku. "Mbona mimi namwona jogoo anakimbia mvua?"

"Jogoo wapi?" mkewe akadakia. "Huyo ni wewe, siku ya harusi yetu, ulivyocheza mpaka kofia ikaanguka!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Hata Shangazi akaapa kwamba yeye anaona sufuria ya pilau. Wakabishana hadi chai ikapoa, na waliporudi kwenye posa walikuwa wakiongea kama majirani wa siku nyingi. Wakakubaliana.

Kabla ya kuondoka, mzee aliniita kando. "Binti, kuna neno umekosea," akasema. "Kitu kilichotuchekesha sisi wazee usikiite si kitu. Ukija Kurui, njoo na rangi zako."

Nilikwenda nazo, na sijajuta.

Basi wewe, mwanangu, unayeanza kupanga nyumba yako, usiogope kubandika ukutani unachokipenda eti kwa sababu hakifanani na cha jirani. Mgeni akiuliza ni nini, mwambie ni furaha yako, kisha mwache naye atafute yake. Na kazi ya mkono wako usiwe wa kwanza kuidharau. Mungu akupe nyumba isiyoishiwa kicheko, akupe wakwe wenye mioyo mikunjufu, na kila uingiapo mlangoni mwako jioni, ufurahi kwamba umefika kwako.