Nywila ya Mzee Mkadam

Mzee Mkadam wa kisiwani Juani hakuwa na kitu cha kuibiwa, ukiacha tovuti. Alitengenezewa na mpwa wake Hafidhi, fundi simu wa Kilindoni, na ndani yake mlikuwa na jambo moja tu la thamani: sauti ya marehemu mkewe, Biubwa, akiimba huku akifunga mbegu za mwani. Simu iliyoirekodi ilikwisha kuzama baharini. Ikabaki tovuti.

Siku redio iliposema kuwa wadukuzi wanavamia tovuti za watu, mzee alikosa raha. Akavuka hadi Kilindoni. Hafidhi akamwekea nywila mpya ya kuifungulia, ndefu, herufi na tarakimu zimechanganywa ovyo, akamuusia asiiandike popote wala asimwambie mtu.

Kuhifadhi hakukumtisha Mkadam. Alihitimu chuo cha Kurani kwa maalimu wa bakora. Kila asubuhi baada ya sala alikaa barazani, akayumba mbele na nyuma, akaisoma kwa sauti: M kubwa, saba, nyota, k ndogo, mpaka mwisho, mpaka ikakaa. Hakuiandika. Hakumwambia mtu. Akawa anawaonea huruma watalii na kompyuta zao, watu wasiojua kujilinda.

Kisha homa ikamlaza. Alipoinuka, nywila ilikuwa imekwenda zake. Alikumbuka M kubwa na saba. Baada ya hapo, giza. Akabonyeza, akakosea, akaonywa kuwa akikosea tena atafungiwa nje moja kwa moja. Hafidhi naye, kwa uaminifu wake, alikwisha kuisahau. Mzee akakaa barazani akalia waziwazi. Alihisi anamzika Biubwa mara ya pili.

Jirani yake Kidawa, shoga wa marehemu, alikuwa akitwanga ng'ambo ya ua. Akauliza kulikoni. Alipoelezwa, hakuacha hata mchi. Aliitaja nywila yote kwa mapigo ya kinu, kila nyota mahali pake. Wanawake wa mwani, alisema, ndiyo wanayoimba siku hizi maji yanapokupwa.

Mkadam akabonyeza. Biubwa akaimba. Kidawa akauweka mchi chini, wakasikiliza wote wawili hadi mwisho.

Nywila ile sasa ilikuwa ya kijiji kizima, basi mzee akatafutiwa nyingine. Asubuhi iliyofuata, kwa tahadhari kubwa, alikaa ndani, akafunga mlango na dirisha, ndipo akaanza kuisoma.

"Shemeji," Kidawa aliita kutoka uani, kwa upole, "hapo baada ya nyota sijapashika vizuri."

 Mzee akafungua dirisha, akarudia.