Prosesa mbili chini ya shuka

Saa mbili asubuhi, kompyuta mbili zimefunikwa shuka moja la bluu. Vioo na kibodi tu ndivyo vinavyoonekana. Fundi anakunja mikono ya blauzi, anaandika neno moja kwenye kipande cha karatasi, anakikunja na kukiweka chini ya bisibisi.

"Haya, mwalimu, fanya kazi yako ya kila siku," anasema. "Usiniulize ndani mna nini."

Mwalimu mkuu anavuta kiti. Nyuma yake amesimama mhasibu wa shule, simu mkononi, uso wa mtu aliyekuja kubisha. Mtihani wa vitendo umebakiza wiki tisa, na watahiniwa arobaini na wanane bado wanajifunzia kibodi iliyochorwa kwenye kadibodi.

"Miezi mitatu ijayo inatoka prosesa mpya," anasema mhasibu. "Inampita mpinzani wake kwa asilimia arobaini. Tukinunua leo tumeliwa."

"Nani kapima?"

"Kampuni yenyewe."

"Umeona wapi muuza nyama akakwambia yangu ngumu?"

"Sema tu, dada, unaogopa mzigo ukudodee."

"Hilo nalo naliogopa," fundi anajibu, bila kuinua macho.

Mtaa mzima humwita Bi Sekunde, kwa kuwa hauzi mashine bila kuipima kwa saa. Kwa miaka kumi na mmoja anaunda kompyuta katika chumba cha hatua sita kwa nne. Zamani mashine kumi zilipita mikononi mwake kila mwezi. Sasa ni sita, na faida ya mashine tatu kati ya hizo inaishia kwenye kodi ya chumba.

Kilichomponza anakijua. Miaka miwili iliyopita alimshauri mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji asubiri prosesa iliyokuwa njiani, akamnunulia kabisa bodi za kuichomekea. Prosesa, kile kipande kidogo kama biskuti ambacho ndicho kichwa cha kompyuta, ilipofika, miguu yake ilikuwa mingine. Haikuingia kwenye bodi hata moja.

"Tangazo nililisoma kwa moyo, sikulisoma kwa macho," anasema. "Yule baba hajakanyaga hapa tena."

Shuka lilianza hapo. Watu hudhani ni la kumficha mteja asichague kwa jina la kampuni. Yeye anasema ni la kumzuia fundi. "Mimi napenda kipya kuliko mteja anavyokipenda. Nikikiona tu, ulimi unanitangulia."

Mwalimu anafungua orodha za alama za shule nzima, anazijumlisha, anazipanga. Kompyuta ya kushoto inamaliza kwa sekunde arobaini na moja. Ya kulia, thelathini na tisa.

"Sekunde mbili," anasema mwalimu. "Hizo mwanafunzi anazimaliza kwa kupiga chafya moja. Bei je?"

Bei ya tatu za kulia inanunua nne za kushoto. Kwa fungu la shule, ni tisa ama kumi na mbili. Wakisubiri ile ijayo, siku ya mtihani hakuna hata moja.

"Nipe kumi na mbili za kushoto," anasema mwalimu. "Wanafunzi wanne kwa mashine moja. Mhasibu, una neno?"

Mhasibu anatia simu mfukoni. "Funua basi tuone."

Kushoto mna prosesa ya mwaka jana, na kompyuta yake imeongezewa kumbukumbu. Kulia ni ya mwaka huu, ya kampuni pinzani. Fundi anakunjua karatasi yake. Ameandika ile aliyodhani mwalimu ataichagua: *Kulia.*

"Umekosea mwenyewe," mhasibu anamwambia, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ya kumi na nne hiyo," anajibu fundi, na kuichomeka kwenye msumari ukutani, chini ya nyingine kumi na tatu alizokosea. Alizopatia huzitupa.

Mpango wake ni kununua prosesa ijayo siku itakapoingia sokoni, moja tu, aiweke chini ya shuka pamoja na mpinzani wake. Halafu atakwenda kwenye kile kiwanda cha uchapaji, kumwomba yule baba aje akae kwenye kiti.

"Akija, mimi sitasema kitu," anasema. "Yeye atapima."

Ukutani, chini ya karatasi ya kumi na nne, ameshapigilia msumari mwingine. Bado mtupu.