Kompyuta Iliyochaguliwa na Fundi wa Injini

Baba yangu ni fundi wa injini katika magereji ya mtaa wa Gatsata, na mpaka leo hajui kutuma barua pepe. Ndiye aliyenichagulia kompyuta ya chuo. Aliposema tutakwenda pamoja kuitafuta, nilinuna siku mbili.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma kemia. Chuo kilituma masharti: mwanafunzi aje na kompyuta yake, yenye nguvu ya kuendesha programu za molekuli, ambazo huitesa mashine muda mrefu bila kuipumzisha. Mpya yenye nguvu hiyo hatukuiweza. Ilibidi tutafute okaziyo, yaani iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, na tungenunua moja tu. Ikifa mwaka wa kwanza, ningesoma miaka yote iliyobaki kwa kuazima za wenzangu, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Wasiwasi huo ulinikosesha usingizi kuliko mitihani yote niliyowahi kufanya.

Kwa hiyo nilijifunza. Nilisoma habari za RAM na prosesa mpaka nikawa nawafundisha majirani zetu wa Batsinda bila wao kuniomba. Baba hakujua hata neno moja katika hayo. Sasa mtu kama huyo anakwenda kuchagua nini?

Alinikuta mjini akitoka kazini moja kwa moja, ovaroli mwilini, oili kwenye kucha. Duka lilikuwa ghorofa ya pili, mali ya mwanamke kijana mwenye miwani. Niliiona mara tu tulipoingia: nyembamba, rangi ya fedha, nyepesi kama sahani. Kila kilichotakiwa na chuo ilikuwa nacho, na zaidi. Kizuri chajiuza. Nikamwambia Baba, "Hii."

Baba akaipindua kama anayekagua kuku sokoni, akatazama skrubu moja moja.

"Dada, hii imefunguliwa."

"Muzee, zote tunafunguaka, tunatoa vumbi. Hii iko sawa rwose, haina shida."

"Sawa. Iwashe tuipe kazi. Ikipata moto ndipo tutaongea."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Gatsata hakuna anayenunua injini iliyotumika ikiwa baridi. Huwashwa, ikaachwa ingurume mpaka ichemke, na mnunuzi na muuzaji hukaa juu ya matairi wakiisubiri. Baba husema injini ikiwa baridi, kila moja ni malaika. Lakini pale dukani hapakuwa na matairi. Palikuwa na viti viwili vya wateja na watu waliovaa vizuri. Nikamnong'oneza kwa hasira kwamba kompyuta si lori.

"Ina feni," akanijibu kwa sauti yake ya kila siku, wote wakasikia. "Kitu chenye feni kinapata moto."

Katika kusoma kwangu kote, feni sikuwahi kuifikiria.

Nikachomeka flashi yenye programu ya molekuli niliyopewa na mwalimu wangu wa sekondari, nikaipa mashine hesabu ndefu. Baba akavuta kiti, akaweka kiganja ubavuni mwa mashine na kuinamisha sikio. Feni ikaanza kuvuma, kisha kulia. Nusu saa haijaisha, molekuli zikaanza kukwama, na punde skrini ikawa nyeusi. Mwenye duka akasema labda ni umeme. Baba hakubishana naye.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema, akaonyesha rafu ya chini. "Tuletee ile."

Ile ilikuwa nene, nyeusi, imechubuka pembeni, na nusu ya herufi za kibodi zilikuwa zimefutika. Niseme ukweli, nilitaka kulia. Baba akakagua skrubu, akaridhika. Tukaiwasha, hesabu ileile.

Saa ya kwanza ikapita. Mwenye duka, ambaye mwanzoni alikuwa amekasirika, akaanza kuja kuigusa na yeye, na mwishowe akamuuliza Baba anasikiliza nini hasa. Baba akamweleza kwamba feni nzima hupanda na kushuka taratibu, ila mbovu hushtukashtuka. Akamwonyesha mahali hewa inapotokea na jinsi vumbi linavyoiziba. Alimweleza kwa upole, bila majivuno yoyote, kama anavyowaeleza wenye magari, na yule mwanamke akachukua kalamu akaandika. Nilimtazama baba yangu nikajichukia. Mimi nilikuwa nimekariri maneno yote ya kompyuta. Yeye hakuwa na neno hata moja, lakini alijua swali la kuiuliza mashine, na alikuwa na subira ya kungoja ijibu. Sijakutana na mwalimu wa maabara anayemzidi.

Saa ya pili ilipokaribia kuisha, hesabu ikamalizika na jibu likatokea. Nikamwonyesha Baba. Hakuelewa kitu, lakini aliliangalia kwa muda mrefu.

Huku kwetu hununui okaziyo bila karatasi ya makubaliano, usije ukashikwa na mali ya wizi. Mwenye duka akaandika kwa mkono aina ya mashine, namba yake na jina la muuzaji. Akaomba kitambulisho cha Baba.

"Andika huyu," Baba akasema. "Mwenye kompyuta ni yeye."

Nikatoa changu. Akaandika jina langu, akaandika Batsinda, akafika pa kuandika kazi.

"Na kazi yake iko gani?"

Nilifungua mdomo niseme mwanafunzi, ingawa hata hilo lilikuwa bado, maana chuo hakikuwa kimefunguliwa. Baba akanitangulia.

"Andika mwanasayansi."

Mwanamke alinitazama, akamtazama Baba, ambaye hakuwa akitabasamu hata kidogo. Akaandika, kisha akanisogezea karatasi nitie sahihi.