Dungusi Isiyo na Kwao

Kila baridi inapokaribia, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, bibi mmoja wa Kiswidi anayeishi peke yake, hutoa makoti yake ya sufi kabatini na kuyatundika katika chumba cha kufulia cha jengo letu ili yapunge hewa. Yananuka vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Nikifungua mlango na kapu langu la nguo mkononi, harufu ile hunifikia, na mara najikuta nimeketi sakafuni kando ya mashine. Mtu akiingia najifanya natafuta soksi.

Nawaambia ninyi kwa kuwa najua hamtanicheka: harufu ile kwangu ni ya Baba. Akina baba wengine wa Alby, kitongoji cha Stockholm nilikokulia, walinukia manukato ya dukani au mafuta ya gari. Wangu alinuka vidonge vya nondo, kwa sababu chini ya kitanda chake kulikuwa na makatoni mawili yaliyobanwa pamoja kwa ukanda wa kitenge, na kati ya makatoni hayo kulikuwa na gazeti kuukuu, na ndani ya gazeti kulikuwa na mmea uliokufa kabla mimi sijazaliwa. Vidonge vilizunguka pande zote nne, na Baba alivibadilisha kila mara kwa uangalifu wa mtu anayembadilisha mtoto nepi.

Kabla ya vita vya Burundi, Baba alikuwa msaidizi wa profesa mmoja wa mimea. Profesa alikuwa na shahada, Baba alikuwa na miguu. Ndiye aliyepanda milima, akaingia mabondeni, akarudi na majani na maua, akayakausha kati ya magazeti na kuandika pembeni mwa gazeti kila kitu ambacho mmea mkavu hauwezi kusema wenyewe: umeota wapi, juu ya mti gani, jua linaufikia saa ngapi, tunda lilikuwa la rangi gani kabla halijasinyaa. Vita vilipoanza profesa alipotea, daftari zote zikachomwa moto, na Baba akavuka mpaka kuingia Tanzania na mmea mmoja tu kwapani. Huko kambini alikutana na Mama, mwanamke wa Uvira, upande wa Kongo. Kiswahili ndicho walichokutania, na ndicho nilichosemeshwa nyumbani mimi, Furaha, mtoto wao wa pekee niliyezaliwa huku Stockholm. Mimi nilijibu kwa Kiswidi.

Mmea wenyewe ulikuwa dungusi, ile ambayo wengine huiita kakati. Ukinitajia dungusi nilifikiria kitu kinene chenye miiba, kimesimama jangwani kwenye katuni. Ya Baba ilikuwa nyuzi za kahawia zilizojipinda, kama tambi zilizosahauliwa jikoni. Nilimwambia hivyo, akacheka, kisha akanikalisha chini na kunifundisha, na Baba akianza kufundisha chai hupoa. Ile mimea minene yenye miiba unayoiona Afrika, alisema, mingi ni jamaa wa mnyaa, ule wa kuzungushia nyumba. Ukiukata unatoka maziwa. Dungusi haina maziwa. Dungusi karibu zote ni za Amerika, na zilizoko kwetu zililetwa na watu. Ni moja tu inayoota porini Afrika bila kupandwa na mtu, tena haioti ardhini. Inaning'inia juu ya miti ya misitu yenye ukungu, nyembamba, bila miiba, na vitunda vyake ni vyeupe na vidogo kuliko punje ya mahindi.

Ila ile aliyoikuta Baba katika bonde moja tu ilikuwa na vitunda vyekundu, na mashina yake yalijaa vinywele vigumu vinavyochoma. Baba hakuwa mtu wa kudai makubwa. Hakusema amegundua spishi mpya. Alisema labda ni spishi ndogo, yaani tawi la ile inayojulikana, labda tu, na kwamba inastahili kuandikwa mahali fulani na watu wanaojua. Usiku alisafisha mabasi, mchana alilala, na kila Jumapili baada ya kanisa alifungua makatoni kuangalia kama wadudu hawajaingia. Katika nchi hii hakuna aliyemuuliza neno juu ya mimea, na hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwa mtu anayejua jambo.

Nilipotimiza miaka kumi, aliniomba nipige simu kwenye jumba la makumbusho lenye hazina ya mimea mikavu. Nilishazoea kupiga simu. Barua za nyumba nilisoma mimi, walimu wangu walizungumza na wazazi wangu kupitia kwangu, hata malalamiko juu yangu niliyatafsiri mwenyewe, nikiyapunguza makali kidogo njiani. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akapokea, akasikiliza, akatupa siku: Jumamosi moja asubuhi, atakuwepo.

Wala hamjui Mama yangu alivyo, au tuseme alivyokuwa. Kwao mtu hapeleki kitu kwa wakubwa kikiwa kimefungwa ovyo. Hata mayai matano ukimpelekea mchungaji, unayafunika kwa kitambaa kilichodariziwa. Ijumaa Baba alipokuwa amelala, Mama aliyavuta makatoni, akaliona lile gazeti lililopasuka na kuingia madoa ya chai na moshi wa kambini, akashika kiuno. "Atafika ku bakubwa na hii gazeti ya machafu? Batasema siye ni batu gani?" Akaunyanyua mmea kwa vidole viwili bila kuuvunja, Mungu amrehemu, akaulaza juu ya kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe kwa maua ya waridi, akafunga makatoni kama yalivyokuwa. Gazeti akalitia kwenye kontena la kukusanyia taka za karatasi kule uani. Mimi niliona yote. Nilidhani Mama amefanya vizuri, kwa sababu kitambaa kilikuwa kizuri sana.

Jumamosi tukapanda treni ya laini nyekundu. Baba alivaa suti ya kanisani na kuyaweka makatoni mapajani, akiyashika kwa mikono yote miwili kila treni ilipopinda. Mimi nilikuwa na haraka zangu. Siku hiyo saa saba mchana binti mmoja wa darasani kwetu alikuwa na sherehe ya kuzaliwa, na ulikuwa mwaliko wangu wa kwanza tangu nianze shule. Zawadi ilikuwa kwenye mkoba wangu, imefungwa tayari.

Yule mama wa makumbusho alitupokea vizuri. Alikuwa na miwani inayoning'inia kifuani na meza ndefu safi. Baba akafungua ukanda wa kitenge, akainua katoni la juu, na maua ya waridi ya Mama yakatokea.

 Baba aliinua pembe ya kitambaa, akatazama chini yake, akainua pembe nyingine. Kisha akanitazama mimi, nami nikatazama dirishani, naye akaelewa kwamba gazeti halipo tena.

Mama wa makumbusho aliusogeza mmea chini ya taa kwa kibano, akautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema ni jambo la kuvutia. Vinywele vile, akasema, huonekana kwenye dungusi ya aina hii ikiwa bado changa, kisha ikikomaa hupotea. Kwa hiyo alihitaji kujua mambo mawili: mmea ulikuwa na umri gani, na uliota wapi hasa. Hilo nililitafsiri vizuri kabisa.

Na Baba akajibu. Hajawahi kuongea vile mbele yangu, si kabla wala baadaye. Aliinuka kwenye kiti. "Mwambie, Furaha, nimeiona myaka mitatu, ileile moja, ilikuwa refu kunishinda, na vile vinywele bado viko." Kisha akaanza kueleza bonde. Alionyesha mlima kwa mkono wa kushoto na kijito kwa mkono wa kulia. Alitaja mti kwa Kirundi, akautaja tena kwa jina la Kilatini, akaeleza ganda lake. Alieleza unapanda kutokea wapi, unaacha njia baada ya nini, upande gani wa mti, kimo gani kutoka ardhini, ukungu unaondoka saa ngapi. Yote yaliyokuwa kwenye gazeti yalikuwa kichwani mwake, mstari kwa mstari. Aliinua mikono kuonyesha mashina yalivyoning'inia na kupepesa vidole, na sauti yake ikajaa chumba kizima. Kwenye korido watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kuchungulia.

Niliona aibu. Nasema wazi, nilimwonea baba yangu aibu, na suti yake inayometa magotini, na vidole vyake vinavyopepea hewani. Na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita. Baba aliponyamaza, akafuta paji la uso na kuningoja, mimi nikamgeukia yule mama nikasema kwa Kiswidi, "Ilikuwa kwenye msitu, Burundi. Ilikuwa kubwa."

Akangoja. Alipoona nimemaliza, akauliza kama Baba hajasema zaidi. Nikamwambia hapana, anapenda tu kuongea.

Alisikitika kweli, sikuona unafiki usoni mwake. Alieleza kwamba mmea usiojulikana ulikookotwa hauwezi kuingizwa kwenye hazina wala kulinganishwa na mingine, kwa sababu msitu ni neno tu na hakuna awezaye kurudi huko kuutafuta. Akakunja kitambaa juu ya mmea, akasifu maua yaliyodariziwa, akaturudishia. Hayo yote nilimtafsiria Baba bila kuacha hata neno moja.

Nilifika kwenye sherehe kabla ya keki. Nilikula vipande viwili.

Niliporudi nyumbani jioni, Mama alikuwa jikoni ameketi na macho yamevimba. Alikuwa ameshuka uani kuinamia kontena, akalikuta tupu. Gari lilikuwa limeshapita. Baba alikuwa akimbembeleza. Aliniona mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba Furaha ametafsiri vizuri sana, ni hao watu tu wanaotaka karatasi kwa kila kitu. Mama akazidi kulia. Tangu siku ile hakudarizi tena, na kila mgeni aliposifia vitambaa vyake vya kwenye makochi, Mama aliondoka kwenda jikoni. Aliamini ni yeye aliyeiharibu kazi ya maisha ya mumewe. Alifariki miaka sita iliyopita akiamini hivyo. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia ukweli, na kila mwaka niliona ni afadhali mwaka ujao.

Baba hakufungua tena makatoni Jumapili. Vidonge viliisha na hakununua vingine. Siku tulipohamisha vitu vyake kwenda kwenye makao ya wazee, niliuvuta ule ukanda wa kitenge, na kwenye kitambaa kilichotobokatoboka kulikuwa na unga wa kahawia, wa kijiko kimoja hivi. Na binamu yake aliyebaki Burundi alishanieleza kwa simu kwamba milima ile imelimwa mpaka kwenye vijito. Alisema hata ukipewa jina la bonde utakuta maharage.

Mwezi uliopita nilimwambia. Siku hizi Baba hupotea katikati ya sentensi, na wauguzi wameniambia nisitegemee arudi alivyokuwa, lakini asubuhi ile alikuwa anajua mimi ni nani. Nilimwambia yote, sherehe na saa ya ukutani na sentensi zangu mbili. Alinisikiliza akikung'uta makombo ya mkate kwenye goti.

"Nilijua," akasema. "Mimi nimesema kipindi kirefu, wewe umesema kidogo. Hata kama sijui Kiswidi, masikio ninayo."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaka nirudie, kwa nini hakunigombeza hata kidogo.

"Ulikuwa mutoto. Kila siku tunakutuma kuwa mudomo yetu. Nikaona umechoka."

Haya ndiyo niliyochelewa kuyaelewa. Ningeweza kuvumilia kama hangejua. Alijua palepale, mbele ya ile meza safi, na angeweza kusema kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, au kuchora, au kuniamuru nianze upya. Akachagua kufunga makatoni. Kisha akaenda nyumbani akanisifia mbele ya Mama, na Mama akaachwa na mzigo ambao sisi wawili tulijua haukuwa wake.

Nikatoa kalamu na karatasi mkobani. Nikamwomba anieleze tena lile bonde, polepole, na safari hii nitaandika kila neno. Uso wake ukachangamka. Akainua mkono wa kushoto kuonyesha mlima. Unashuka kutoka barabarani, alisema, unaliacha ziwa upande wa kulia. Nikaandika. Kuna miti mirefu myembamba yenye majani kama sindano, nayo hata wakati wa baridi hayaanguki. Nikasita, kisha nikaandika. Kuna njia ya baiskeli, na benchi, na ukikaa hapo unasikia treni. Dungusi iko mti wa pili baada ya benchi, upande usiopata theluji.

Niliandika yote na kumsomea tangu mwanzo. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila sentensi, akanisahihisha mahali pamoja tu, akasema benchi ni la kijani. Msitu aliokuwa akinieleza ni ule ulio nyuma ya nyumba yetu ya Alby. Nililiandika na hilo, kwamba benchi ni la kijani, na Baba akaniuliza kama sasa watu wa makumbusho wataridhika.