Ndege aliyefungua mwavuli kwenye kidimbwi chetu

Ndugu zangu, leo nimeshindwa kutupa jiwe!

Munajua kile kidimbwi cha samaki ambacho muzungu wa kilimo alituchimbisha hapa Lusangi. Ndege wakimaliza samaki, sisi ndio tutakula fimbo.

Asubuhi akashuka ndege mweusi, miguu mirefu. Nikainua jiwe.

Kumbe!

Akakunjua mabawa mpaka yakafunika kichwa chake, duara kabisa, kama mwavuli juu ya maji. Jua iko kali, lakini chini yake giza tupu. Na samaki wakakimbilia kile kivuli, wenyewe, naye akawadonoa humo!

Muke wangu akaja mbio. “Baba Feza, unangoja nini? Piga!”

Nikamuonyesha kwa kidole tu.

Akatazama. Kisha akaninyang'anya jiwe, akaliweka chini polepole, lisitoe sauti.

Ninyi mungetupa?