Shamba Lisilo na Kaburi

Admin, nifiche jina kabisa, maana nusu ya ukoo wa mume wangu wako kwenye huu ukurasa. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu. Naishi karibu na Tawa, kwenye shamba tulilonunua na marehemu tukiwa bado wapya kwenye ndoa.

Mume wangu alipofariki mwaka jana, nilitaka azikwe hapa, kando ya nyumba aliyoijenga. Kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa, alikataa katakata. "Mwana hulazwa kwa babake, Mbooni. Usituletee mambo mapya." Nikakubali, hata nikadhani ni upendo.

Juzi dalali wa mnada akabandika notisi langoni: korti imeamuru shamba liuzwe, kwa sababu mume wangu aliliweka rehani akachukua mkopo. Mkopo upi? Sikuulizwa, sikukubali chochote! Nilipomwambia shemeji huyo, hakushtuka, aliendelea tu kukoroga chai. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakili ananiambia aliyekopesha hulipwa kwanza, mimi na watoto turithi kinachobaki, kama kitabaki. Lakini nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila mke kukubali, kwa hivyo nikimbie kortini kabla ya mnada. Shemeji aliposikia hivyo alicheka. "Utaenda kuapa mbele ya judge ati ndugu yangu alikuwa mwongo? Wacha tu iuzwe, hatuwezi kukutupa." Mama mkwe naye amenuna, anasema namvua marehemu nguo.

Jumamosi shemeji akaleta mnunuzi. Walidhani niko sokoni, kumbe niko nyuma ya jikoni napepeta ndengu. Huku kwetu watu wanaogopa kununua shamba lenye kaburi, hata liwe rahisi namna gani. Yule mgeni aliuliza swali moja tu: "Kuna mtu amezikwa hapa?"

"Hakuna," shemeji akajibu. "Hiyo nili-make sure mapema."

Ndengu zote zilinimwagika.

Ndugu zangu, nikienda kortini namchafua baba wa watoto wangu, na ukoo utatutenga. Nikinyamaza, tunalala nje. Nimechanganyikiwa, ningekuwa dada yenu mngeniambia nifanye nini? Mnada ni wiki ijayo, na asubuhi hii shemeji amenipigia, eti anakuja na wazee wa kanisa kuniombea.